Gari Zinapita Tunguu: Tunampokeaje Mgeni wa Ng'ambo?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa Jumuiya yetu, Tunguu. Yanachapishwa hapa kwa ombi la wanachama waliokuwa mbali siku hiyo.)



Bwana Mwenyekiti, Mheshimiwa Sheha, wazee wangu, mama zangu, vijana wetu, na nyinyi ndugu zetu mtakaoyasoma haya mkiwa Dar es Salaam, Maskati, London au kokote ambako riziki imekupelekeni, nakushukuruni kwa kunipa nafasi hii. Kamati iliniomba nizungumze juu ya namna tunavyowapokea wageni. Nikauliza, wageni gani? Nikajibiwa, "Wale wazungu wa kwenye Alphard." Basi nitaanza na hao, ingawa mtaniona huko mbele nimewaacha njiani na kushughulika na wengine.

Mtu akikaa baraza ya duka lolote la barabarani hapa kwetu kuanzia saa mbili mpaka saa nne za asubuhi, ataziona gari hizo moja baada ya moja. Zinatoka mjini, zinapita Jumbi, zinatupita sisi, zinakwenda Jozani kutazama kima punju, halafu Paje, Jambiani, Makunduchi, Kizimkazi. Jioni zinarudi. Ndani mna watu waliopanda ndege masaa chungu nzima ili waione Zanzibar, na wakifika Tunguu nusu yao wamelala na nusu wanatazama simu. Sisi kwao ni minazi inayorudi nyuma. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Hatuna ufukwe kama wa Paje, na anayekwenda pwani ana haki ya kulala njiani. Lakini kila mwaka katika mkutano huu hakosi mtu wa kusimama akauliza: mbona utalii unapita tu mlangoni petu? Suali ni zuri, ila naona siku zote tunaliuliza kwa upande wa mfukoni.

Hesabu zenyewe ni kubwa, na inafaa tuzitazame. Mwaka 1985, Zanzibar ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza kufungua milango yake, watalii walioingia hawakufikia elfu 20. Mwaka 2019 walipindukia laki 5. Mwaka 2024 walipindukia laki 7. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Wazanzibari milioni 1 na laki 8 na ushei, Unguja na Pemba pamoja. Maana yake ni kuwa kwa kila watu watano wa visiwa hivi, ukimhesabu na bibi aliyelala kitandani na mtoto aliyezaliwa juzi, wanaingia karibu wageni wawili kwa mwaka. Nyumba inayopokea wageni kiasi hicho lazima ikae kitako, wenyewe wazungumze: nani analala wapi, nani anapika, nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi. Sisi hatujakaa. Mazungumzo hayo tumewaachia wenye hoteli.

Na si kama hatujui kazi hii. Unguja Ukuu, hapo jirani, ulikuwa mji wa bandari zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili iliyopita. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamefukua huko vigae vya vyombo vilivyotoka Ghuba ya Uajemi, na vingine vilivyotoka China. Vigae havitembei. Vililetwa na watu, na watu hao waliletwa na kaskazi, na aliyekuja na kaskazi alikuwa hana njia ya kurudi mpaka kusi ianze kuvuma. Kwa hiyo mgeni wa wakati ule hakuwa na tiketi ya kurudi Jumapili. Alikaa miezi. Alihitaji pa kulala, mtu wa kumpikia, na mtu wa kumnong'oneza yupi sokoni mkweli na yupi mwizi. Kwa neno moja, alihitaji mwenyeji.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita pwani yetu mwaka 1331, alituandikia jinsi mwenyeji huyo alivyopatikana. Alipofika Mogadishu, kabla hajateremka Mombasa na Kilwa, aliona jahazi ikitia nanga vijana wa mji wanaiendea kwa mashua ndogo ndogo, kila mmoja amebeba chakula kilichofunikwa. Kijana anamkabidhi mfanyabiashara mmoja chakula kile na kutangaza kuwa huyu ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule, kama mji bado hajauzoea, hashukii nyumba nyingine ila ya mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye anayemuuzia mali zake na kumnunulia anachokitaka. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Mtu akimlalia mgeni yule kwa bei ya chini mno, au akimuuzia kitu na hali mwenyeji wake hayupo, biashara ile mji hauihesabu. Inavunjwa.

Fikirini maana yake. Mji mzima umekubaliana kwamba bei ya kumdhulumu mgeni si bei. Na mwenyeji naye hakufanya kazi ya bure, alipata chake, tena waziwazi. Watu wengi hapa kwetu wanadhani ukarimu na pesa havikai nyumba moja. Ama umkirimu mtu, ama umtoze. Wazee wa pwani hii walivikalisha pamoja, na kilichovipatanisha ni kuwa mwenyeji alijulikana kwa jina, na aibu ikitokea ilikuwa yake na ya ukoo wake.

Sasa twendeni Malindi, bandarini, boti ya Dar es Salaam inapofunga. Vijana wanamkimbilia mgeni vile vile, na kila mmoja anasema "huyu wangu" vile vile. Sahani ya chakula tu ndiyo haipo. Tunawaita papasi, na jina hilo hawakulitoa wazungu, tumelitoa sisi wenyewe, kwa mdudu anayeng'ang'ania ngozi akafyonza. Sheria inamtaka kila anayetembeza watalii awe na kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, na papasi hana. Mimi sikuja hapa kuwatukana. Wengine ni wajukuu zetu, wametoka mashamba kama haya haya, wamemaliza skuli na hawakupata pa kushika. Lakini huyo ndiye mtu wa mwanzo anayeonana na mgeni wetu, na tumempa kazi ya uenyeji bila ya kumpa jina wala ulinzi wala chakula cha kubeba. Tusishangae akifyonza.

Kama yupo anayedhani basi ukarimu wenyewe umekwisha visiwani humu, nitamkumbusha mwaka 2022. Vita vilipoanza Ukraine mwezi wa Februari, takriban Waukraine elfu moja walikuwa hapa Unguja kwa mapumziko. Siku ya kurudi ikafika, anga ya kwao imefungwa, kadi zao za benki hazitoi pesa, na hoteli walizolipia zimekwisha muda. Watalii wakageuka wakimbizi huku wamevaa kaptura. Serikali yetu ikazungumza na wenye hoteli wawahifadhi, na wengi katika wenye hoteli wakakubali, mpaka zilipopatikana ndege za kuwapeleka Poland. Wageni wale hawakuwa na kitu cha kutupa, na walipokewa. Mimi hupenda kulitaja jambo hili kwa sababu linaonesha kuwa tukitaka tunajua.

Na Makunduchi wanajua kuliko wengi. Katika Mwaka Kogwa, mbali na kuchoma kibanda na kupigana kwa mikomba, mambo ambayo ndiyo yanayopigwa picha, ipo desturi moja isiyopigwa picha: nyumba isiyopata mgeni siku hizo huona imepungukiwa. Mwenye nyumba anatoka kumtafuta mgeni amle chakula chake. Nani katika sisi amewahi kwenda Makunduchi mwezi wa Julai akarudi na njaa?

Jozani nako pana la kujifunza, tena hili ni la kipesa, kwa wale waliokuja kusikia habari za pesa. Wakulima wa kule walikuwa wakimchukia yule kima. Jina la punju lenyewe ni la sumu. Watu waliamini kuwa mti anaoula unakauka. Na kweli alikula mazao yao, na anakula mpaka leo. Leo msitu ule ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, tangu mwaka 2004, na sehemu ya ada anayolipa mtalii mlangoni inarudi kwa vijiji vinavyouzunguka. Haikuja kwa kusimama barabarani kupungia gari mikono. Ilikuja kwa wanavijiji kujikusanya, wakawa na umoja unaoweza kukaa mezani na Idara ya Misitu na kusema: kima ni wenu, lakini muhogo anaokula ni wetu. Na bado hawakubaliani kila siku kama mgao unatosha, nami nawaunga mkono waendelee kutokubaliana.

Basi, nyinyi mtasema, na sisi tuna nini? Kima hatuna, ufukwe hatuna. Katika Kamati palikuwa na pendekezo la kujenga geti kubwa barabarani, limeandikwa KARIBU TUNGUU kwa lugha nne. Naomba radhi kwa aliyelitoa, ni rafiki yangu na ananijua. Bango halimpikii mtu chai. Dereva wa Alphard hatasimama kwa sababu ya bango, na akisimama, mgeni atashuka atazame nini? Geti letu?

Tunacho kitu ambacho Paje na Nungwi hawana, nacho kimeingia humu kimya kimya. Kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, ipo hapa hapa Tunguu. Kiswahili kwa wageni, kilichokuwa kikifundishwa na TAKILUKI kule Vuga tangu mwaka 1979, sasa ni kazi ya chuo hicho. Wanakuja Wamarekani, Wajerumani, Wakorea, Wajapani, na hawaji kuota jua. Wanakuja kujifunza maneno yetu. Mwaka 1928 wakubwa wa kikoloni walipokutana Mombasa kuchagua Kiswahili cha kufundishia maskulini Afrika Mashariki, walikichagua Kiunguja. Hiki tunachogombania hapa barazani na kununulia dagaa, ndicho mtu anachokivukia bahari ili akipate. Na sisi tunakitoa bure, au tuseme, tunakinyima.

Ndiyo, tunakinyima. Mwambieni mwanafunzi yeyote wa kigeni akuelezeni tabu yake kubwa hapa. Hatasema joto wala mbu. Atasema: nikisema Kiswahili wananijibu Kiingereza. Kijana wa dukani kamsikia mtu anahangaika kutamka "Naomba mkate mmoja," badala ya kumngojea, anamrukia na Kiingereza chake cha "Yes my friend!" Tunadhani tunamsaidia. Na tusipomjibu Kiingereza tunamjibu kile Kiswahili cha kwenye fulana, "Jambo, jambo, hakuna matata," ambacho sisi wenyewe kwa wenyewe hatusemezani. Nani hapa alimwamkia mama yake leo kwa "Jambo"? Mgeni anayekwenda kwao na "Jambo" tu amekula ganda la nazi.

Mpeni nyama ya nazi. Mfundisheni kuwa "Hujambo" hujibiwa "Sijambo", kuwa mkubwa huambiwa "Shikamoo" naye akaitikia "Marhaba", kuwa mtu hapigi hatua uani kwa watu bila ya "Hodi", na akiambiwa "Karibu" hapa kwetu anaitikia "Starehe". Bara watamcheka kwa "Starehe" yake, na yeye atajua kuwa ametoka Unguja.

Baadhi ya wanafunzi hawa hukaa na familia majumbani, na wengi zaidi wangependa kukaa. Hilo ndilo jambo ninalotaka Jumuiya ilichukue mwaka huu. Mimi nimezungumza na kina mama wanne wa mtaani kwetu waliowahi kuwapokea, na nitakuelezeni niliyoyasikia, kwa ruhusa yao, bila ya kuwataja.

Mmoja aliniambia siku ya kwanza hakulala. Alikopa godoro, akakopa feni, akanunua maboksi ya nafaka za kizungu dukani mjini kwa bei ya kilo mbili za samaki, kumbe msichana yule hata kwao hazili. Akaangukia kwenye muhogo wa nazi na mkate wa kumimina. Mwengine alimpeleka mgeni wake msalani, akamwonesha kata na ndoo, akaona aibu kueleza zaidi, akaondoka. Kesho yake akamkuta mgeni ananywea maji kata ile ile. Walicheka wote wawili mpaka machozi, lakini tangu hapo mama yule anaeleza kila kitu, aibu au si aibu. Wa tatu alimwambia mgeni, "Kaniletee mbuzi," maana alikuwa anataka kukuna nazi. Mgeni akatoka uani, akakaa muda, akarudi anavuta kamba, na mbuzi wa jirani nyuma yake.

Lakini wote wanne walinambia neno moja: mgeni alianza kujifunza alipopewa kazi. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na tunalisema kwa kejeli kidogo, kama kwamba ni njia ya kumfukuza. Mwanafunzi anayelipia kuishi kwako hukungoja umpe jembe hilo. Akikaa sebuleni na kutazamwa kama sahani ya maonesho anapata maneno kumi. Akikaa jikoni, akikuna nazi, akipepeta mchele, akitumwa dukani na mtoto wa miaka sita wa kumsahihisha njia nzima, anapata mia.

Sasa nije kwenye neno zito. Katika kikao cha mwanzo mzee wetu mmoja alisema: "Leo anakuja na kitabu cha Kiswahili, kesho atakuja na chupa." Vijana wakanung'unika. Mimi sikunung'unika, kwa sababu mzee yule ana binti na wajukuu wa kike, na ameona yaliyotokea pwani. Ameona fukwe ambazo watu walizaliwa nazo na leo wanapita kwa kuzunguka uzio. Ameona watoto wa miaka minane wanaozungumza Kitaliana cha kuombea pesa, na hawajui kusoma. Hofu yake si ushamba. Tena dini yetu iliyotufundisha kumkirimu mgeni, na kumpa haki yake ya siku tatu, haikutufundisha kumpa mgeni funguo za adabu zetu.

Jawabu langu kwake ni kuwa chupa huingia nyumba isiyosema. Mgeni mwenye akili zake anataka kuambiwa mapema, kabla hajafungua begi. Nyumba hii haina pombe. Hapa mtu huvaa hivi akiwa uani, na hivi akitoka njiani, na kanga ya kujitanda ipo nyuma ya mlango, chukua. Mlango unafungwa saa fulani usiku. Mwezi wa Ramadhani tutakuwekea chakula chako mchana, utakula ndani, na magharibi utafuturu na sisi. Wasichana wanakaa nyumba yenye kina mama. Mvulana anakaa kwenye banda la nje lenye mlango wake. Kina mama wanne wote niliowataja waliyasema hayo siku ya kwanza, na hakuna mgeni hata mmoja aliyekasirika. Aliyeambiwa anajua wapi pa kuweka mguu. Anayetukasirisha ni yule aliyeachwa akisie, akakosea, na sisi tukamsengenya kwa Kiswahili mbele yake, naye siku hizi anakielewa!

Haki hiyo ni ya pande mbili. Picha, kwa mfano. Kule Jambiani kina mama wa mwani wamechoka kupigwa picha wakiwa wameinama majini, na wenye kamera hawajawaambia hata "U hali gani". Mtu anayetaka picha Tunguu na aseme "Naomba picha," na sisi tuwe na ulimi wa kujibu "Haya," au "La, ahsante," bila ya kununa na bila ya kutaja dola. Na watoto wetu tuwaachishe "Naomba pipi". Naliona jambo hili kubwa kuliko linavyoonekana. Mtoto aliyezoea kupata kwa kunyoosha mkono kwenye dirisha la gari hatokuwa mwenyeji akikua, atakuwa papasi. Mgeni mwenye kalamu na madaftari ya kugawa aelekezwe skuli kwa mwalimu mkuu, ambaye anajua nani hana daftari.

Pesa ya wageni hawa, nakwambieni ukweli, haitoshi kumfanya mtu tajiri. Wala nisingependa mtu aache shamba kwa ajili yake. Tumeona mwezi wa Machi 2020 ndege zilivyosimama. Mwaka ule wote watalii waliofika walikuwa kama nusu ya mwaka uliotangulia. Vijana wetu waliokuwa wakifanya kazi Paje na Kiwengwa walirudi nyumbani kwa daladala na mabegi yao, na waliowalisha ni wazee waliokuwa hawajaacha kulima. Ninachokiona mimi ni pesa ya kusaidia: ada ya mtoto, bati la jiko, bili ya umeme. Lakini inaingia mkononi mwa mama wa nyumba moja kwa moja, haipiti kwa wakala wala kwa hoteli, na hilo kwa utalii wa Zanzibar si jambo la kawaida.

Hivyo Kamati imekubali, baada ya mabishano ambayo wengine mliyasikia mpaka nje, kuwa mchango wa mwaka huu usiende kwenye geti. Uende sehemu mbili. Ya kwanza ni mkopo mdogo usio na riba kwa nyumba zitakazojiandikisha kupokea wanafunzi, wa kutengeneza msala, kuweka tangi la maji na kununua vyandarua. Mkopo unarejeshwa kwa kile mgeni anacholipa, na unakwenda nyumba nyingine. Ya pili ni ada za vijana wetu kwenda kusomea utembezaji wa watalii, kwa cheti na kitambulisho, katika chuo cha utalii kule Maruhubi, ambacho nacho sasa ni cha SUZA. Tunataka mtu akitoka bandarini na mgeni wake awe na jina, na jina hilo tulijue. Hesabu zote mshika fedha ameziweka kurasa za mwisho za kijitabu hiki, na nakuombeni mzisome kwa miwani.

Yupo atakayeuliza kwa nini nyinyi mlio mbali mchangie vyoo vya wageni, na hali paa la madrasa bado linavuja. Paa la madrasa lina mfuko wake, na Mwenyekiti amelisemea. Lakini nitakujibuni. Wengi wenu mlipofika Maskati au London mara ya kwanza, mlikuwa na anuani moja kwenye kikaratasi. Anuani ile ilikuwa ya mtu wa Unguja, labda hamkuwahi kumwona maishani. Akakufungulieni mlango usiku, akakupeni godoro la chini, akakufundisheni kupanda basi, akakuambieni neno gani ukimwambia afisa wa uhamiaji na neno gani usimwambie. Hamkukaa kwake siku tatu. Wengine mlikaa miezi mitatu. Na wapo waliopokewa na majirani Waarabu, Wahindi na Waingereza ambao hawakuwa na haja yoyote ya kuwapokea. Nyinyi mnajua kuliko sisi tuliobaki hapa nini maana ya kuwa mgeni usiyejua hata kufungua bomba la maji ya moto. Kwa hiyo pamoja na mchango naomba na kitu kingine: tuandikieni. Niandikieni mlichohitaji wiki ya kwanza na hamkukipata. Nitayakusanya niwasomee kina mama watakaojiandikisha, kwa sababu hapa kwetu kila mtu anajua kukaribisha na wachache wanajua kukaribishwa kukoje.

Wenye nyumba wanaotaka kujiandikisha, fomu ziko kwa Katibu, kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, hapo barazani. Fomu ni ukurasa mmoja. Inauliza vyumba vingapi, maji yanatoka siku gani, nani anakaa nyumbani mchana, na chini kabisa mumeacha nafasi ya masharti ya nyumba yako. Mzee wetu wa kitabu na chupa amekwisha kuchukua ya kwake. Amenambia anaijaza taratibu, na kwamba ile nafasi ya masharti haikumtosha, amegeuza nyuma ya karatasi.